Pelagia Alivyoacha Kuomba Hewa

Hii ninayoandika hapa hamtaiamini, najua, na wala sitawabembeleza. Kuna watu walinibishia nilipowaambia nimevuta sangara mzito kuliko katekista wetu, na katekista mwenyewe alikuwepo, tukampima. Basi bisheni na hii. Mimi Thadeo wa Kiriba, niliyesoma hadi darasa la sita na la saba nikalimalizia dirishani, nimeshika kalamu kwa hasira. Nimechoshwa na watu wa Nyakato wanaozunguka wakisema eti Pelagia alinunuliwa kompresa na mwanaume. Mwanaume gani? Mtajeni! Mwanaume pekee wa upande wake siku ya kuinunua nilikuwa mimi, na mimi sijawahi kumnunulia mtu hata kiberiti.

Pelagia ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Ni fundi wa kupaka rangi magari hapo Nyakato ya Musoma, na ninapoandika haya nimekaa kwenye karakana yake, juu ya kopo tupu la puti, ile lipu ya kuzibia mabonde ya magari. Kila akipita nyuma yangu ananichungulia. Namwambia aendelee na kazi zake.

Mtu huyu ni mrefu, mkavu, ana uso wa mtu anayesubiri umkosee ili siku ianze. Kucha zake zina rangi ya kila gari lililowahi kukwaruzwa Musoma mjini. Akikasirika hapigi kelele. Anachukua msasa, anasugua. Anasugua chochote kilicho karibu. Nilimkuta siku moja anasugua mguu wa meza ya mama ntilie, na mama ntilie anaendelea kukoroga uji, kwa sababu anamjua. Ukiona anasugua kitu kisichohitaji kusuguliwa, chukua kofia yako uondoke.

Sasa huyu fundi, mwenye mkono ambao haujatetemeka tangu akiwa mtoto, hakuwa na hewa.

Msicheke, nawaeleza. Rangi ya gari haipakwi kwa brashi kama mlango wa choo. Inapulizwa kwa bunduki yake, na bunduki inakula hewa, na hewa inatoka kwenye kompresa. Pale uwanjani kwa mafundi kompresa ilikuwa moja tu, ya Gody. Gody naye ni fundi rangi, ila rangi yake ukiisogelea unaona imevimbavimba kama ngozi ya chura. Wateja wazuri walikuwa wanampita wanaenda kwa Pelagia. Jambo hilo lilimchoma, na dawa aliyoipata ni kumkodishia Pelagia hewa kwa masharti. Ilikuwa lazima aombe. Kwa mdomo. Kwa sauti. Mbele ya wateja.

"Gody, naomba hewa."

"Sijasikia, Pela. Pikipiki imepita."

"Naomba hewa."

"Unaomba nini?"

"Hewa!"

"Ahaa, hewa. Si ungesema." Halafu anageukia wateja, anacheka na meno yake yale. "Mnaona fundi wenu? Hata pumzi ananitegemea mimi."

Hebu fikirini. Mtu anaomba hewa, kitu ambacho Mungu alimpa hata mbuzi bure! Mimi ningekuwa nimeshampiga Gody zamani, ila mgongo wangu hauko vizuri.

Siku iliyoharibu kila kitu ni siku ya Noah ya Bhoke. Bhoke ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butiama, mwanamke mwenye mwili wake na sauti yake, na Noah yake alitaka iwe rangi ya maruni, ing'ae mpaka waumini wenzake wakose amani. Pelagia alikuwa katikati ya boneti. Mkono unakwenda, unarudi, rangi inalala kama maji. Gody akaona rafiki yake ana tairi lisilo na upepo. Akachomoa mpira wa hewa wa Pelagia, akaenda kujaza tairi.

Bunduki ikakohoa, ikatema matone, ikanyamaza. Nusu ya boneti mbichi, nusu haina kitu. Na hapo ndipo ziwa nalo likaamua kutuletea wale wadudu wake wadogo, wanaopanda kutoka majini kama moshi wa moto usioonekana. Mkazi wa Musoma anafunga mdomo na dirisha. Boneti haina mdomo. Wadudu wakatua, wakanasa, wakafia hapo.

Bhoke alirudi kutoka kunywa chai, akasimama mbele ya gari lake.

"Pelagia, umenipakia gari au umenikaangia dagaa?"

"Mama, hewa ilikatwa."

"Mimi sikukuletea hewa. Nilikuletea gari."

"Nitalirudia, mama. Nitalisugua lote, nilirudie."

"Kwa hewa ya nani? Huyu huyu aliyekukatia?" Bhoke si mjinga. "Sikiliza, mwanangu. Nalirudisha Butiama hivi hivi, watu wacheke. Mwezi huu ukiisha hujapata hewa yako mwenyewe, namwachia huyu chura apake. Angalau yeye hataniambia hewa ilikatwa."

Gody alikuwa anasikiliza huku anaosha mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Karibu sana mama," akasema. "Na Pela nitampa kazi. Ya kubandika magazeti kwenye vioo."

Jioni nilimkuta Pelagia anasugua jiwe. Jiwe, wasomaji! Nikamwita. Akaacha kusugua, akasema, "Mjomba, nauza ng'ombe wa mama."

Yule ng'ombe Pelagia aliachiwa na dada yangu, ndicho kitu pekee alichoachiwa. Lakini nilijua akiacha kusugua na akasema neno, neno limeshakwisha. Ng'ombe akauzwa. Pelagia hakwenda kumwangalia akifunguliwa kamba.

Tulianzia madukani Mukendo, katikati ya mji. Mle wana kompresa ndogo ndogo nzuri, zina matairi kama za kuchezea watoto. Muuzaji, kijana anayenukia manukato, akatuonyesha moja.

"Hii dada inapaka mpaka meli."

"Inapuliza muda gani bila kupumzika?" Pelagia akauliza.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea unapaka nini."

"Gari."

"Gari gani?"

"Wewe kaka unauza kompresa au unauza maswali?"

Tukatoka. Barabarani akanifundisha, maana alidhani sijui. "Mjomba, hiyo ni ya kujazia tairi na kupulizia vumbi. Watu wanaangaliaga tangi. Tangi ni ndoo tu. Ndoo ikiisha maji unangoja kisima kitoe mengine. Mimi nikiwa katikati ya boneti siwezi kungoja. Nataka kisima. Nataka kichwa kinachosukuma hewa nyingi kuliko bunduki inavyokula."

"Najua," nikamwambia. Na kweli nilijua, kuanzia hapo.

Tukaenda Bunda, kwa Shija. Huyu Shija zamani alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, siku hizi anauza mashine zilizotumika kando ya barabara kuu, lakini fimbo ya ng'ombe hajaiacha. Anaiegemea, anaonyeshea mashine nayo, anaigonga jenereta kiunoni kama anataka isogee. Wanaume kadhaa wanashinda pale wakiegemea mashine wasizonunua.

Alipoona tumekuja, akatupeleka moja kwa moja kwenye kompresa nyekundu. Mama yangu! Tangi kubwa kama fahali wa miaka minne, linang'aa unajiona meno. Akaiwasha. Ikanguruma! Ardhi ya Bunda ikatikisika, kuku wakakimbia, mzee mmoja akashika kofia. Mimi nimeishi na injini za mitumbwi, nimezoea kwamba inayolia sana ndiyo inayokufikisha ng'ambo. Nikasema, "Hii sasa ndiyo mashine!" na mkono wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukalipiga lile tangi kofi moja zito mgongoni.

Shija akazima mashine papo hapo. Akainua fimbo.

"Mzee amepiga mgongo! Jamani, mmeshuhudia?"

"Tumeshuhudia!" wakaitikia wale waegemeaji.

Kama hujakulia kwenye ng'ombe, nikueleze. Mnadani kwetu watu hawakuwaga na karatasi. Mnunuzi akishampiga ng'ombe mgongo kwa kiganja mbele ya watu, amemchukua. Huwezi kesho kusema ulikuwa unatania. Ukikataa, jina lako limeoza kuanzia Bunda hadi Kiriba, na hakuna atakayekuuzia hata jogoo.

Pelagia alinigeukia polepole. "Mjomba. Umefanya nini?"

"Kulikuwa na nzi."

"Nzi yuko wapi?"

"Ameruka."

"Mjomba, yule alikuwa ng'ombe wa mama yangu. Umemchukua ng'ombe wa mama yangu ukampigia nzi?"

Nikageuza uso. Mtu mwenye akili anajua wakati wa kuangalia milima.

Shija akawa tayari amenyoosha kiganja. "Dada, mambo yamekwisha. Mzee wako ni mtu wa heshima, kofi lake tumelisikia wote. Lete changu, nikusaidie kupakia."

Nilidhani atalia. Badala yake aliingiza mkono mfukoni, na nikaona kipande cha msasa. Nikarudi nyuma hatua. Lakini hakusugua. Alikishika tu, akasema kwa sauti ndogo, ile mbaya.

"Baba Shija, wewe umekuwa dalali wa ng'ombe?"

"Tangu hujazaliwa."

"Basi nikuulize. Ng'ombe akishapigwa mgongo, mnunuzi hamtembezi?"

Wale wanaume wakatazamana. Shija akakohoa.

"Huyu mjomba wangu," akaendelea, bila kuniangalia, "amenisimulia maisha yangu yote kwamba kofi halifungi mpaka ng'ombe atembezwe mbele ya watu. Akichechemea kabla jua halijazama, kofi limefutika. Ni kweli au alinidanganya?"

"Kweli kabisa," akadakia mzee wa kofia. "Anatembezwa. Tena anapewa maji anywe, uone kama anameza."

Mnaona faida ya kuwa na mjomba anayeongea sana?

Pelagia akafungua kikapu alichokuja nacho, akatoa bunduki yake iliyofungwa kwenye kitenge, akatoa na kopo la maruni alilokuwa amenunua kwa ajili ya Noah. "Naitembeza," akasema. "Nipe kitu cha kupaka."

Shija alikuwa na pikapu yake nyeupe pale pale, na kiburi chake kikamponza. "Paka mlango wa gari langu mwenyewe! Uone mashine inavyokwenda!"

Ikawashwa tena, ikanguruma. Pelagia akaanza juu ya mlango. Rangi ikalala vizuri mwanzoni, na Shija akaanza kutembea akizunguka kama bwana harusi. Halafu mshale wa geji ya kupimia hewa ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka. Mashine inalia kwa uchungu, hewa haiongezeki. Bunduki ikatema tone la maji, ikatema lingine, rangi ikachuruzika mpaka chini kama machozi ya mlevi. Kelele zote zile, na pumzi hana!

"Imepata baridi," Shija akasema. "Haijawashwa siku nyingi. Ni uchovu tu."

Hapo ndipo hasira ya Pelagia ikafika mkononi. Akaweka bunduki chini. Akalifuata lile tangi jekundu na msasa wake, akaanza kusugua. Chwa, chwa, chwa.

"We dada! Unaniharibia mali!"

Chwa, chwa. Wekundu ukatoka, ukaja unga mweupe mweupe. Akaupuliza. Akausugua tena. Kisha akasimama, akawaonyesha wote kidole chake.

"Hii ni nini?"

Wakasogea kuangalia.

"Mimi ni fundi rangi. Puti naijua hata nikiota. Tangi hili lilitoboka kwa kutu, mkachomelea kiraka, mkaziba na puti, mkapaka nyekundu. Halafu mkalipachika kichwa kidogo, cha kujazia tairi. Umemvalisha mbuzi ngozi ya fahali, Baba Shija. Na mwilini ana kidonda. Siku moja tangi hili lingepasuka, na ningekuwa nimesimama pembeni yake. Ningekufa kwa kofi la mjomba!"

Wale waegemeaji wote wakaacha kuegemea. Mmoja aliruka kabisa.

"Kofi limefutika," mzee wa kofia akatangaza.

"Limefutika!" wakaitikia.

Shija akaanza kuapa kwamba na yeye aliuziwa hivyo hivyo, hakujua. Pelagia hakumsikiliza. Macho yake yalikuwa getini. Pale palikuwa na kompresa nyingine, imechakaa, ina kinyesi cha kuku, geti limeegemezwa juu yake lisifunguke na upepo. Tangi la kadiri. Lakini juu yake pampu ina vichwa viwili vipana, na mkanda, na gurudumu zito.

"Ile je?"

Shija akacheka. Alikuwa anatafuta kitu cha kumcheka. "Ile? Ilitoka kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba kilichofungwa. Inazuia geti. Unaitaka? Nipe bei ya chuma chakavu, beba hata sasa hivi."

"Bei ya chuma chakavu."

"Mbele ya hawa. Ukisema, na geti nakufungia zawadi!"

Pelagia alipiga magoti kwenye mavi ya kuku kwa utaratibu wa daktari. Akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza namna linavyokaza na kuachia. Akafungua koki ya chini ya tangi, maji ya kutu yakatoka, akangoja yaishe yote. Akasugua tangi sehemu tatu nne, kote kukatoka chuma kitupu, hakuna puti. Akaangalia mafuta. Akasoma kibao cha mota, akauliza kama inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Mmoja wa waegemeaji akasema ndiyo, wameshawahi kuitumia hapo hapo. Ikawashwa. Ikawa inasema dududududu, taratibu, kama mtu anayeongea na mkewe usingizini.

"Mbona hailii?" nikauliza.

"Wewe unalia kwa niaba yake."

Akachukua bunduki, akarudi kwenye ule mlango, akaanza juu. Mkono unakwenda, unarudi. Mshale ulishuka kidogo, ukasimama, ukakataa kushuka tena. Akapaka mlango wote. Akapaka na bawa la tairi, lile bati la juu ya gurudumu, hakuna aliyemwomba. Maruni ilikuwa inang'aa mpaka mzee wa kofia akajisogeza, akajiangalia ndani yake, akaiweka kofia vizuri.

Shija akaliona hilo. Uso wa dalali ukarudi. "Sasa, dada, tuelewane. Kwa kweli mashine hii, ukiitazama vizuri, haiwezi kuwa ya chuma chakavu. Ni mashine ya kiwandani. Lile lilikuwa neno la utani, bei yake hasa—"

"Mjomba," Pelagia akasema bila kugeuka. "Sasa piga."

Sikuwahi kuwa mwepesi hivyo hata ujanani. Kabla Shija hajatoa namba, kiganja changu kilikuwa kimeshatua mgongoni mwa ile mashine, pa!

"Mmeshuhudia?" nikapaza sauti.

"Tumeshuhudia!" Waegemeaji wake mwenyewe!

Shija akaangalia fimbo yake, akanyoosha kiganja apokee fedha. Sheria alileta yeye. Pikapu yake bado inatembea Bunda hadi leo, nyeupe yenye mlango mmoja na bawa moja vya maruni, na mlangoni kuna michirizi chini ya rangi nzuri. Ukimwuliza anasema ni mtindo.

Noah ya Bhoke ilirudi, ikasuguliwa, ikapakwa kuanzia mbele hadi nyuma bila mkono kusimama, na wadudu wa ziwani walipopanda, rangi ilikuwa imeshakauka. Wakateleza! Bhoke aliizunguka. Hakusifu, si tabia yake. Alisema tu, "Nitaleta na ya shemeji," na kwa Bhoke huo ni wimbo mzima.

Gody alitukwepa siku zile zote. Halafu ikaja siku ambayo kompresa yake ilikata mkanda katikati ya gari la mteja, mlango mmoja mbichi, mteja kasimama amefunga mikono, na kule ziwani moshi wa wadudu umeanza kunyanyuka. Mwezi wa Bhoke ulikuwa bado haujaisha. Gody akauvuka uwanja. Watu wakaacha kazi. Pelagia alikuwa anachanganya rangi, akaweka kijiti chini, akamwangalia.

Hapa wasomaji shikeni viti vyenu, maana hapa ndipo nilipowaambia hamtaamini. Gody, yule Gody mwenye meno, alianguka chini kwa magoti yote mawili kwenye vumbi lenye harufu ya thina ya kuyeyushia rangi, akashika miguu ya mpwa wangu, akalia kwa sauti mpaka Mukendo wakafunga maduka wakidhani kuna msiba, akasema naomba hewa, naomba hewa, akaisema mpaka sauti ikakauka, na machozi yake yakajaza kopo zima la puti, hili hili nililokalia, na watu wa Nyakato wote wakapanda juu ya mabati ili wa—

"Mjomba, hakupiga magoti."

Ngoja. Huyu hapa nyuma yangu tena.

"Alisimama," anasema. "Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini. Nikampa mpira. Sikumwambia arudie. Na hakuna aliyelia isipokuwa mimi, nyuma ya karakana, kwa hasira, kwa sababu ya ng'ombe wa mama, na wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyenishikia msasa. Andika hivyo."

Sawa. Nimeandika. Alisimama. Lakini wasomaji, niliyaona magoti yenyewe kwa macho yangu, yalikuwa yanatetemeka kiasi kwamba bati la paa la jirani likaanza ku—

"Mjomba!"